Namna ya Kuhakiki Riwaya ya Usaliti: Anza na Aliyesalitiwa

Riwaya za urafiki wa utotoni uliovunjwa na usaliti, kisha mkosaji akautumia utu uzima wake kutafuta namna ya kujisafisha, zina mtego mmoja. Anayesimulia mara nyingi ndiye aliyesaliti. Ndiye aliyebaki hai, ndiye aliyesoma, ndiye mwenye kalamu na wasaa wa kujuta. Anakueleza anavyokosa usingizi, anavyoshtuka akisikia jina la rafiki yake, anavyojichukia. Na wewe msomaji, baada ya kukaa kifuani mwake kwa kurasa mia tatu na ushei, unajikuta umemsamehe kana kwamba wewe ndiye uliyekosewa. Hapo ndipo tahakiki nyingi huharibika. Mhakiki huandika kwamba hii ni safari ya kusisimua ya kuutafuta msamaha, huweka nyota zake tano, na yule mtoto aliyesalitiwa hubaki pale pale alipoachwa na msimulizi. Shauri la mwongozo huu ni moja: ipime riwaya ya namna hii kwa kile inachompa aliyesalitiwa, usiipime kwa uchungu wa aliyesaliti. Huruma peke yake haitoshi kuwa sababu ya kufanya hivyo. Sababu kubwa ni ya kifundi, kwani kipimo hiki kitakuonyesha mahali mwandishi alipofanya kazi na mahali alipoikwepa.

Shauri bila mfano halimfai mtu, basi tuchukue riwaya ambayo wengi wameisoma au wameiona kwenye filamu: The Kite Runner ya Khaled Hosseini, daktari aliyezaliwa Kabul mwaka 1965, akapata hifadhi Marekani pamoja na familia yake mwaka 1980, na kukichapisha kitabu hiki, chake cha kwanza, mwaka 2003. Kwa asiyekumbuka: Amir ni mtoto wa tajiri wa Kipashtuni katika mtaa wa Wazir Akbar Khan mjini Kabul. Hassan ni mtoto wa Ali, mtumishi wa nyumba hiyo. Ni Mhazara, tena Mshia katika nchi ya Wasuni wengi, hivyo amebeba dharau mbili kwa mpigo, ya kabila na ya madhehebu. Wavulana hao walinyonyeshwa na mwanamke mmoja, na msomaji wa pwani yetu hahitaji kuelezwa uzito wa udugu wa kunyonya. Wanacheza pamoja, lakini mmoja huenda shule na mwingine hubaki kumpigia pasi nguo. Majira ya baridi ya mwaka 1975 Amir anashinda mashindano ya tiara, mchezo ambao washindani hukatana nyuzi zilizopakwa unga wa vioo. Hassan anaikimbilia tiara ya mwisho iliyokatwa, ambayo kwa mshindi ndiyo kombe. Anaipata, na uchochoroni anazuiwa na wavulana watatu wakiongozwa na Assef. Wanamtaka aitoe, anakataa, na Assef anamlawiti. Amir anaona kutoka kwenye kona, anakimbia, na hasemi kitu. Mwaka 2001, akiwa mwandishi huko California, anapigiwa simu kutoka Pakistan na Rahim Khan, rafiki wa marehemu baba yake. Anakwenda, na huko anaambiwa kwamba Hassan ameuawa na Taliban, kwamba ameacha mtoto aitwaye Sohrab katika kituo cha yatima Kabul, na kwamba Hassan huyo alikuwa mtoto wa nje ya ndoa wa baba yake Amir. Amir anaingia Kabul kumtafuta mtoto.

Sasa kazi. Soma mara mbili. Mara ya kwanza soma kama mtu mwingine yeyote, na ukitaka kulia lia. Mara ya pili shika penseli na utafute jambo moja tu: kila mahali aliyesalitiwa anapofanya uamuzi. Mahali anapoumizwa utapaona bila penseli. Kinachotafutwa ni mahali anapochagua. Ukimfuata Hassan hivyo, utaokota vitu ambavyo usomaji wa kwanza ulivipita mbio. Alichagua kumwelekezea Assef manati siku Assef alipotaka kumpiga Amir. Alichagua kutoitoa tiara. Alichagua kukiri wizi ambao hakuufanya. Miaka mingi baadaye, Rahim Khan alipomwomba arudi Kabul kusaidia kuitunza nyumba ile kubwa, alikubali kurudi lakini alikataa kulala ndani yake, akachagua kibanda kile kile cha uani alikozaliwa. Alichagua kujifunza kusoma na kuandika akiwa mtu mzima, na mtoto wake alimpa jina la mhusika wa hadithi ya Shahnameh, utenzi wa Kiajemi, aliyokuwa akisomewa na Amir chini ya mti. Mhusika ambaye tahakiki nyingi humwita mwaminifu, kisha zikaendelea na mambo mengine, kumbe ndiye anayeamua mengi kuliko yeyote katika nusu ya kwanza ya kitabu.

Orodha hiyo itakufichulia pia kwamba Amir alisaliti mara mbili, na kwamba mara ya pili ni mbaya kuliko ya kwanza. Uchochoroni alikuwa mtoto wa miaka kumi na miwili aliyeshikwa na woga. Mwanasheria yeyote mzuri angemtetea. Lakini baada ya sherehe ya kuzaliwa kwake, mtoto huyo huyo alichukua saa mpya aliyopewa na baba yake pamoja na fedha alizozawadiwa, akangoja Ali na Hassan watoke, akaingia kibandani mwao, akavificha chini ya godoro, kisha akaenda kushitaki. Hapo huoni woga tena, unaona mpango. Hakuweza kuvumilia kumtazama Hassan kila siku, kwa hiyo akaamua Hassan aondoke. Baba (ndivyo msimulizi anavyomwita mzazi wake tangu mwanzo hadi mwisho) anauliza swali moja tu: umeiba? Hassan anajibu kwamba ameiba. Kwa jibu hilo Amir anatambua kuwa Hassan anajua yote, uchochoro na saa pia, na kwamba amemwokoa tena. Mhakiki anayeutaja uchochoro na kuisahau saa ameifanya riwaya iwe nyepesi kuliko ilivyo: ameandika kuhusu mwoga aliyekua, wakati kitabu kinahusu mtu aliyemtengenezea mwenzake jina la mwizi katika nchi ambayo tayari huwaita watu wa kabila lake wezi. Fuata uzi huo hadi mwisho wake. Taliban waliomkuta Hassan akiitunza nyumba ya akina Amir walimwita mwongo na mwizi kama Wahazara wote, kisha wakampiga risasi barabarani. Mwandishi haupigii mstari ulinganifu huo, ameuacha uonekane wenyewe, na hiyo ni moja ya sababu za kumsifu.

Baada ya usaliti, pima malipo. Hapa msomaji wa Kiswahili ana chombo kilicho karibu naye, tena si cha kuazima, maana wahusika wenyewe ni Waislamu. Wanazuoni hufundisha kwamba toba ina masharti: kuliacha kosa, kulijutia, na kuazimia kutolirudia, na kosa likigusa haki ya mja huongezeka sharti la nne, la kumrudishia mwenye haki yake au kumwomba radhi. Majuto Amir anayo tele, pengine kupita kiasi. Sharti la nne ndilo linalomkwamisha, kwa sababu mwenye haki amekwisha kufa kabla mkosaji hajapanda ndege. Na riwaya yenyewe inalijua tatizo hili, kwani imetuwekea mtu aliyejaribu kulipa deni la namna hiyo kwa njia nyingine akashindwa. Mtu huyo ni Baba. Alijenga kituo cha yatima kwa fedha zake, aliwasaidia maskini, alikopesha marafiki, na barua ya Rahim Khan inaeleza kwamba wema wote huo ulizaliwa na majuto ya kuzaa na mke wa Ali. Lakini angalia nani hakulipwa. Ali, aliyekua naye nyumba moja na kumtumikia maisha yake yote, hatuoni popote akiombwa radhi. Hassan alilipiwa daktari wa kuushona mdomo wake uliopasuka tangu kuzaliwa, na hakupewa baba. Mji mzima ulinufaika na deni la watu wawili. Uhakiki unaomsifu Baba kwa ukarimu bila kuuliza fedha hizo zilikuwa za nani, kimaadili, umekisoma kitabu nusu.

Kuna tukio ambalo ningependa kila mhakiki alikazie macho, kwa sababu ndilo linaloonyesha tofauti kati ya kuadhibiwa na kulipa. Katika majira yaliyofuata mashindano ya tiara, Amir anampeleka Hassan juu ya kilima penye mti wao wa komamanga. Anaokota komamanga na kumtupia kifuani. Anamwambia amrudishie. Hassan hafanyi kitu. Anamtupia jingine, na jingine, akimtukana na kumwita mwoga, mpaka shati la Hassan limelowa maji mekundu. Mwishowe Hassan anaokota komamanga moja, anamsogelea, analifungua, na kulipondea kwenye kipaji cha uso wake mwenyewe. Kisha anauliza kama Amir ameridhika sasa, anageuka, anashuka kilima. Usomaji wa haraka huona hapo mtumishi mwema asiyeweza kumpiga bwana wake. Soma tena. Amir anataka apigwe ili waishe, yaani anataka kununua utulivu kwa bei ya makofi mawili, na Hassan anakataa kumuuzia. Ni uamuzi mkali kuliko ngumi. Ukiishaliona hilo, utalisoma kwa tahadhari tukio la Kabul ambapo Assef, sasa kiongozi wa Taliban, anampiga Amir kwa vyuma vya vidoleni mpaka mbavu zinavunjika, na Amir anacheka kwa sababu anajisikia amepona. Tahakiki nyingi huliita tukio hilo kilele cha ukombozi wake. Lakini alichokipata ni makofi yale yale aliyonyimwa kilimani, tena kutoka kwa mtu ambaye hakuwahi kumdai. Na anayemwokoa ni Sohrab, kwa manati, kama baba yake alivyofanya miaka hiyo. Kwa hesabu ya aliyesalitiwa, deni siku hiyo halikupungua bali liliongezeka.

Basi malipo yako wapi? Ukishika kipimo chetu utayatafuta mahali panapofanana na kosa. Kosa la kwanza lilikuwa kunyamaza, na la pili lilikuwa kusema uongo kuhusu Hassan mbele ya mkubwa wa nyumba. Kwa hiyo tazama ni lini Amir anafungua kinywa na kusema ukweli kuhusu Hassan mbele ya mkubwa wa nyumba. Ni California, mezani, chakula cha jioni. Baba mkwe wake, Jenerali Taheri, Mpashtuni mwenye kuchunga sana maneno ya watu, anataka kujua awajibu nini watakaomuuliza kwa nini kuna mtoto wa Kihazara nyumbani kwa binti yake. Amir anamjibu bila kupandisha sauti: kwamba baba yake alilala na mke wa mtumishi, akazaliwa Hassan, Hassan ameuawa, na mtoto aliyelala pale kwenye kochi ni mtoto wa ndugu yake. Kisha anamkataza kumwita tena Mhazara mbele yake. Mtoto ana jina. Tukio lote halizidi ukurasa mmoja au miwili, hakuna damu, na hakuna anayelia. Kwa maoni yangu hapo ndipo riwaya inapolipa kitu halisi: Amir anautoa wazi udugu uliofichwa kwa miaka karibu arobaini, tena unamgharimu, kwani anaivua nguo heshima ya baba yake mwenyewe. Kama uhakiki wako una nafasi ya kulieleza tukio moja tu la nusu ya pili, liache lile la vyuma vya vidoleni na uchague hili la mezani.

Utapingwa kwamba kumtoa Sohrab Kabul ni malipo tosha, na kwamba kutafuta zaidi ni ukaidi. Pingamizi hilo lina nguvu, maana maisha ya mtoto ni jambo kubwa kuliko maneno ya mezani. Lakini kitabu chenyewe kinakataa kukubaliana nalo kirahisi. Wakiwa Islamabad, Amir anamwahidi Sohrab kwamba hatamrudisha kamwe kwenye kituo cha yatima. Muda si mrefu, mambo ya karatasi za ubalozi yakikwama, anamwambia kwamba huenda ikabidi akae kituoni kwa muda. Mtoto aliyeuzwa kutoka kituo kimoja hadi mikononi mwa Assef analisikia neno hilo, na usiku huo anajikata mikono bafuni. Amir, ambaye hakuwa ameswali kwa zaidi ya miaka kumi na tano, anatandika shuka ukumbini hospitalini na kusujudu. Sohrab anapona lakini ananyamaza kwa miezi, na kitabu kinapofungwa tumepewa tabasamu la upande mmoja wa mdomo tu, na Amir akikimbia kuifuata tiara kwa ajili ya mtoto, kazi ambayo zamani ilikuwa ya Hassan. Mwandishi hajatuambia kwamba deni limeisha. Wanaosema limeisha ni wahakiki.

Pingamizi jingine utakalokutana nalo ni la kifundi: hii ni riwaya ya nafsi ya kwanza, ni hadithi ya Amir, na si haki kumdai mwandishi maisha ya ndani ya Hassan ambayo msimulizi hayajui. Ni kweli kwamba msimulizi wa nafsi ya kwanza haoni kila kitu. Lakini mwandishi huchagua msimulizi, na Hosseini alijua namna ya kuufungua mlango huo, kwa sababu aliufungua mara mbili: sura nzima ya kumi na sita inasimuliwa na Rahim Khan, na katika inayofuata tunasoma barua ya Hassan mwenyewe. Kwa hiyo swali halali ni hili: mlango ulipofunguliwa, tuliona nini? Tuliona mengi ya thamani. Katika simulizi ya Rahim Khan, Sanaubar, mama aliyemtupa Hassan siku chache baada ya kumzaa, anarudi akiwa mgonjwa na uso wenye makovu ya kisu. Hassan anapotambua ni nani, anauachia mkono wake na kutoka mbio kuelekea kilimani. Harudi mpaka asubuhi. Anaporudi anamwuguza, na hatimaye Sanaubar ndiye anayempokea mjukuu wake Sohrab akizaliwa. Usiku ule mmoja wa kilimani ndio mahali pekee ambapo Hassan ana hasira yake binafsi, na hakuna aliyekuwapo kuisimulia. Barua, kwa upande wake, imejaa upendo na haigusi uchochoro hata kwa neno moja. Hapa mhakiki anayo haki ya kusema kwamba Hassan amekaribia kuwa mhusika bapa, mwema kuliko inavyomfaa binadamu, na kwamba wema wake unamrahisishia Amir kazi: rafiki asiye na kinyongo ni mdai asiyebisha hodi. Lakini sema pia kwamba usiku wa kilimani unaonyesha mwandishi aliijua hasira hiyo na akachagua kuisitiri. Kama uchaguzi huo ni heshima au ni ukwepaji, hapo toa hukumu yako. Mimi naona ni ukwepaji, na naona kurasa tano za usiku ule zingekifaa kitabu kuliko kurasa nyingi za pambano la Kabul.

Wapo watakaokuambia uache siasa, uhakiki ni wa sanaa. Wajibu kwamba katika riwaya hii ukabila ndio injini ya msuko. Bila dharau kwa Wahazara, Assef hana ujasiri wa kufanya alichofanya, Amir hapati faraja ya kujiambia kwamba Hassan ni Mhazara tu, saa chini ya godoro haiaminiki haraka, na Ali haoni kwamba kuondoka ni njia pekee. Kwa hiyo jifunze kiasi cha kutosha. Ujue kwamba mwishoni mwa karne ya 19 mtawala wa Afghanistan, Abdur Rahman Khan, aliwapiga vita Wahazara na kuwavunja nguvu, na kwamba kitabu chenyewe kinamwonyesha Amir mdogo akigundua historia hiyo katika kitabu cha marehemu mama yake, kwa kuwa shuleni haikufundishwa. Ujue mapinduzi ya Daoud Khan ya Julai 1973, yale ya Aprili 1978, uvamizi wa Kisovieti wa Desemba 1979, Taliban kuitwaa Kabul Septemba 1996, na mauaji ya Wahazara huko Mazar-i-Sharif Agosti 1998. Hayo yanatosha aya moja. Usiugeuze uhakiki kuwa somo la historia. Na kama bado kuna anayedhani kwamba ni hadithi tu, mkumbushe yaliyoipata filamu ya Marc Forster ya mwaka 2007: uzinduzi wake ulicheleweshwa ili watoto wa Kiafghani walioigiza wahamishwe kwanza nje ya nchi, kwa kuhofia watakavyotendewa kwa sababu ya tukio la uchochoroni.

Kuhusu ufundi wa msuko, kitabu kimekupa mhakiki wa kuigwa, naye ni Hassan, asiyejua kusoma. Amir anapoandika hadithi yake ya kwanza, ya mtu mwenye kikombe cha ajabu ambaye machozi yake yakidondoka humo hugeuka lulu, na ambaye kwa tamaa anaishia kumuua mkewe ili alie, Hassan anaisifu, kisha anauliza: kwa nini alimuua mkewe? Si angenusa kitunguu tu? Swali hilo liulize kwa kila sadfa ya riwaya unayoihakiki. Je, tukio hili lilikuwa la lazima, au kitunguu kingetosha? Assef wa uchochoroni kuwa ndiye Mtaliban aliyemchukua Sohrab ni sadfa nzito, na kasoro yake haiishii kwenye kutoaminika: inaufanya ubaya wa jamii nzima uwe tabia ya jitu moja, mpenda Hitler tangu utotoni, hivyo Amir anapata adui wa kupigana naye mahali ambapo alipaswa kukutana na watu wa kawaida kama yeye. Kovu analopata Amir kwenye mdomo, mahali pale pale palipokuwa na mshono wa Hassan, halipiti mtihani kabisa. Ni mwandishi akitushika mkono kana kwamba hatuoni. Manati ya Sohrab inapita, kwa sababu imeandaliwa na kiangaza mbele cha haki katika nusu ya kwanza. Ugumba wa Amir na mkewe Soraya uko katikati: unaandaa nafasi ya mtoto kwa urahisi wa kutiliwa shaka, ingawa kurasa zinazoueleza zina ukweli wake.

Mtu atasema: watu wengi walilia, kitabu kimeuzwa mamilioni, wewe nani wa kupima mizani? Machozi ni ushahidi, na usiyadharau. Yanathibitisha kwamba mwandishi anaijua kazi ya taharuki na anajua kumaliza sura kwa sentensi inayokulazimisha kufungua inayofuata. Ila uliza yalimwagwa kwa ajili ya nani. Kama ulimlilia Amir kuliko Hassan, hilo nalo ni jambo la kuandika, kwa kuwa ndivyo kitabu kilivyokupanga.

Ukikaa kuandika, muhtasari usizidi robo ya makala. Uchochoro uutaje, maana umo katika theluthi ya kwanza na bila huo hakuna cha kujadili. Sema kwa neno lake kwamba mtoto alilawitiwa, usilifunike kwa maneno kama tukio la kusikitisha, na usilirefushe. Siri ya uzazi wa Hassan ifiche ikiwa unawaandikia ambao hawajasoma. Kwa makala ya darasani au ya jarida la fasihi ieleze, kwani huwezi kumjadili Baba bila hiyo. Usimchanganye Amir na Hosseini kwa kuwa wote ni waandishi wa Kiafghani waliohamia California. Mwandishi anaruhusiwa kumwona msimulizi wake kwa jicho kali kuliko msimulizi anavyojiona. Na ukitaka ulinganisho, hapa kwetu yupo Adam Shafi, ambaye Kasri ya Mwinyi Fuad yake ya mwaka 1978 inawatazama mabwana wa mashamba ya Zanzibar kutoka upande wa wanaowatumikia. Ukiziweka riwaya hizo mbili mezani utaona mara moja ni kiasi gani mahali pa msimulizi hubadilisha uzito wa kila kofi. Hukumu yako iandike wazi katika aya yake, na sababu zisizidi mbili au tatu. Ukibaki na nafasi ya sentensi moja, mpe Farzana, mke wa Hassan, aliyewarukia waliomuua mumewe akapigwa risasi naye, na ambaye karibu kila uhakiki humsahau.